Chupa Iliyolala Shimoni kwa Mzee Aristides

Niliwahi kutoboa miaka ishirini kwa spoki ya baiskeli.

Ilichukua kama nusu dakika. Halafu nikaenda kuchambua maharage.

Hii sijawahi kuisimulia, maana mimi si mtu wa kuongea. Shule niliishia darasa la tano, na katika miaka hiyo mitano mwalimu alisikia sauti yangu mara mbili. Moja nilikuwa napiga chafya.

Kuandika ni afadhali. Hamnitazami.

Naitwa Irambona. Kwetu ni Murusagamba, Ngara, karibu na mpaka. Mwaka 2022 shangazi alinipeleka Nyabusozi, huko Biharamulo, kusaidia kazi za nyumbani kwa Mzee Aristides na mkewe, Mama Tecla.

Mzee Aristides alikuwa mpishi wa balozi mmoja Dar es Salaam. Siku anastaafu, mwaka 2013, balozi akampa chupa moja ya mvinyo mwekundu wa Ufaransa, kutoka sehemu inaitwa Bordo. Zabibu zake zilivunwa mwaka 2005.

Balozi akamwambia, "Usiifungue kabla ya 2025. Kabla ya hapo bado ni mtoto."

Mzee akaipakata kwenye basi mpaka Biharamulo. Begi la nguo alilipandisha juu ya gari, chupa akabaki nayo mapajani.

Sasa, Wafaransa mvinyo kama ule wanauhifadhi kwenye vyumba vya chini ya ardhi, kwenye giza na baridi. Mzee hakuwa na chumba cha chini ya ardhi. Alikuwa na shimo la ndizi.

Kama hujui, ndizi za pombe huku kwetu huivishwa shimoni. Unachimba, unatandika majani ya mgomba, unazipanga ndizi, unafukia. Shimo la Mzee lilikuwa la zamani, halitumiki, nyuma ya nyumba kwenye mibuni. Chini akamwaga mchanga, akailaza chupa ubavu, juu akaweka mbao na gunia bichi.

Kazi yangu ilikuwa kumwagia maji lile gunia, asubuhi na jioni.

"Ukiisimamisha, kizibo kinakauka," Mzee alinifundisha. "Ukiitikisa, inaumwa. Ukiimulika, inazeeka kabla ya siku zake."

"Hiyo ni pombe au mgonjwa amelazwa?" Mama Tecla akauliza kutoka jikoni.

Mama Tecla ni mpika rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Kata nzima inamjua.

"Yangu siku tatu tu watu wanaimba," alimwambia mumewe. "Yako miaka ishirini haijamchangamsha hata mende."

"Mke wangu, hii hainywewi ili uimbe."

"Inanywewa ili ufanye nini?"

"Ili ufikiri."

"Basi kunywa maji. Utafikiri bure."

Mzee ndiye aliyegundua pua yangu.

Siku moja alinipa vikombe viwili vya rubisi, akaniuliza vina tofauti gani. Nikasema kimoja kitamu.

"Tamu ni neno la mvivu. Niambie unasikia nini."

Nikanusa tena. Nikasema, kidogo kidogo, kwamba hiki nasikia moshi wa mkaratusi, na kile kinanuka kama mvua inayokuja wakati vumbi bado kavu.

Mzee akaenda kumuuliza mkewe. Kweli, kuni za kikombe cha kwanza zilikuwa mkaratusi.

"Pua yako imesoma kuliko mimi," akaniambia.

Tangu siku hiyo akawa ananifundisha kuonja na kupika. Na akaniahidi jambo. Kulikuwa na mama mmoja, Bi Deodata, mwenye nyumba ya wageni Ngara mjini. Alikuwa anatafuta mpishi.

"Siku ya kufungua chupa nitamwalika. Ukiilinda vizuri mpaka siku hiyo, nitamwambia akuchukue."

Nililitaka hilo kuliko kitu chochote. Mama yangu anaumwa miguu, yuko Murusagamba peke yake. Nikiwa Ngara mjini ningeweza kumwona kila Jumapili. Nikiwa Nyabusozi nilimwona Krismasi.

Kwa hiyo niliilinda ile chupa kama mtoto mchanga. Na hapo ndipo nilipoiharibu.

Machi 2024, dumu la rubisi la Mama Tecla lilipasuka stoo. Mtu alikuwa amelikaza kifuniko sana. Lilivimba, likatoa mlio, kuku wakakaa juu ya mti mpaka kesho yake.

Nikafuta stoo yote, nikiwaza chupa tu.

Kwetu hata mtoto anajua kwamba pombe lazima ipumue. Ukiiziba kabisa, inajipasulia njia. Na ile chupa ilikuwa imezibwa tangu 2005.

Sikumuuliza Mzee. Kuuliza kunataka mdomo.

Nikachukua spoki ya baiskeli, nikainoa kwenye jiwe, nikashuka shimoni. Giza. Nikapapasa mdomo wa chupa, nikahisi juu yake kuna vitu vimeganda, kimoja laini kama nta, kingine kinateleza kama sabuni. Nikadhani ndivyo Wafaransa wanavyofunga.

Nikaisukuma spoki mpaka ikapita kizibo. Nikasubiri mlio wa hewa.

Haikulia.

Nikafikiri, vizuri, nimewahi. Nikaziba kitundu kwa nta ya nyuki ili isivuje, nikiwaza kwamba mwezi ujao nitaiacha ipumue tena.

Mwezi ujao haukufika. Wiki mbili baadaye, tunakula, Mzee akasema, "Unajua adui wa mvinyo ni nani? Hewa. Rubisi inataka kupumua. Mvinyo huu ukipata hata tundu la sindano, umekwisha, unakuwa siki. Mimi mwenyewe niliambiwa hayo nimeshachelewa."

Alisema huku anatazama mibuni.

Mama Tecla aliinuka ghafla. Akaenda kutafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mezani.

Ugali wangu siku hiyo waliula kuku.

Nilijaribu kumwambia. Nilifika mlangoni kwake mara tatu. Mara zote tatu nilitoka nimebeba vyombo vichafu.

Karibu miaka miwili niliendelea kulimwagia maji gunia la marehemu.

Siku ikafika. Desemba 2025, kumbukumbu ya ndoa ya Mzee na Mama Tecla. Nilipika kuku, ndizi, maharage, kachumbari. Alikuja Gidioni, katekista wa hapo, na alikuja Bi Deodata kutoka Ngara, na miwani yake ya kamba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye pua?"

Nikatazama chini.

Mzee akaenda shimoni mwenyewe. Alirudi na chupa imefungwa kwenye taulo, akageukia ukutani, akakata ile karatasi ya kung'aa ya juu na kuitia mfukoni haraka. Akazungusha kizibuo. Kizibo kikatoka, kikaenda mfukoni pia.

Nilishangaa kidogo. Ila nilikuwa na hofu zangu.

Akamimina. Rangi ilikuwa nzuri, nyekundu inayoelekea udongo wa njia ya kwetu.

"Mila ni mila," akasema Mzee. "Aliyeilinda pombe huionja kwanza, wageni wajue haina sumu. Irambona."

Nikapokea glasi. Nikanusa. Sikuhitaji hata kunywa, ila nilikunywa.

Watu wote walinitazama. Nikainamisha kichwa tu.

Wakadhani nimesema nzuri.

Wakanywa. Gidioni alifumba macho muda mrefu, kama anasali. "Imekomaa," akasema.

"Ina nguvu," akasema Bi Deodata, anajifuta jicho. "Wafaransa hawana mchezo."

Mama Tecla alimeza. Akaisukuma glasi mbali.

Mzee akashusha glasi. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Irambona, waambie wageni. Unasikia nini?"

Ningeweza kusema nasikia zabibu. Ningesema nasikia ngozi, mbao, maneno yale aliyonifundisha. Bi Deodata alikuwa ananisubiri. Ngara ilikuwa hapo mezani.

Lakini ni yeye aliyenifundisha nisiseme neno la mvivu.

"Nasikia siki, Mzee," nikasema. "Ni mimi. Niliitoboa. Niliogopa itapasuka kama dumu."

Gidioni akafumbua macho.

"Ulitumia nini?" akauliza Mama Tecla.

"Spoki. Nikaziba kwa nta ya nyuki."

Mama Tecla akamgeukia mumewe. "Toa ulichotia mfukoni."

"Mke wangu, wageni..."

"Toa."

Mzee akatoa, akaweka mezani. Kile kizibo kilikuwa na matundu matatu. Na juu ya ile karatasi kulikuwa na mabaka matatu yameganda, kila moja na rangi yake.

"Hii ya njano ni nta ya nyuki, ya mtoto," Mama Tecla akasema. "Hii ya bluu ni sabuni ya mche. Hiyo ni yangu, 2019, kwa sindano ya kufumia. Sikutaka ulipukiwe, mume wangu. Sasa hii nyeupe?"

Mzee akaitazama glasi yake.

"Aristides. Hii nyeupe ni mshumaa. Nani nyumba hii anasoma Biblia kwa mshumaa?"

Mzee Aristides, mpishi wa balozi, akanyanyua glasi yake ya siki akaimaliza yote.

"2013," akasema. "Wiki ya kwanza. Usingizi haukuja. Baba yangu alipika rubisi, na mimi ni mtoto wake."

Bi Deodata akavuta bakuli la kachumbari, nadhani ili apate pa kutazama. Akaonja. Akaongeza. Akaongeza tena.

"Hii umeitia nini?"

Asubuhi ile ndimu ziliisha. Nilikumbuka hapo hapo kwamba wageni walipokuwa wanakunywa, nilikuwa nimemimina mabaki yote ya glasi yangu kwenye lile bakuli ili isionekane.

"Miaka ishirini, Mama," nikasema.

Naandika haya nikiwa Ngara mjini, jikoni kwa Bi Deodata. Jumapili nitaenda kwa mama. Siki iliyobaki tuliigawana, chupa ndogo tatu, kila mtoboaji na yake.

Nilichojifunza ni hiki. Kosa lako unalolificha ndani ya nyumba, huenda na wenzako wamelificha lilelile. Mzee angesema 2013, chupa ingekuwa na tundu moja, na yeye na mkewe wangeinywa mwaka huohuo ikiwa bado mtoto.