Tanuri la Vifuu la Fundi Assoumani

Siku hizi mtu wa Mutsamudu akitaka panga anaingia dukani, analitoa kwenye karatasi ya mafuta na kuondoka. Hajui nani alilifua, wala hajali. Sisi tulikuwa na Assoumani.

Alirudi kutoka Majunga, Madagaska, mwaka 1977, baada ya Wakomori kuuawa kule, pamoja na wenzake tuliowaita Sabena kwa jina la ndege zilizowaleta. Hakuja na kitu ila ufundi. Alichonga mivukuto ya Kimalagasi: magogo mawili yenye uwazi, yamesimamishwa, na ndani mna michi ya kusukuma upepo motoni. Springi za malori mabovu alizigeuza majembe. Alipoona msitu wa mlimani unaisha, aliacha makaa ya miti akatumia ya vifuu vya nazi, na tanuri akalifunika kwa udongo lisipoteze moto. Moshi ukapungua hata akataniwa.

"Fundi, leo umefunga?" aliuliza Nafissa, muuza samaki.

"Ingiza mkono humo, dada, utajua."

Mwaka 1982, mamluki wa kizungu wakiwa ndio walinzi wa serikali, ikatangazwa wahunzi wote wafunge ili misitu ipone. Matanuri ya kukamulia maua ya langilangi mafuta ya manukato, yanayokula kuni mchana kutwa, hayakutajwa. Wenyewe walikuwa wakubwa.

Nilimsindikiza Assoumani hadi Moroni, mji mkuu, kuomba ruhusa, kwa kuwa nilikuwa nimejifundisha Kifaransa. Alibeba gunia la vifuu na jembe jipya. Mlangoni askari wa kizungu akamnyang'anya jembe, eti silaha. Ndani, Salimou, mkubwa wa misitu na mtu wa kisiwa chetu cha Ndzuani, alitusikiliza vizuri kabisa.

"Mzee wangu, nakuamini. Vifuu vyenyewe naviona."

"Basi niruhusu nifue."

"Mimi? Hata nikitaka kwenda kumzika mama yangu, naomba ruhusa kwa hao uliowapita mlangoni."

Tuliporudi, tanuri lilikuwa limevunjwa. Mivukuto ilikwisha kupelekwa kuwa kuni za langilangi.

Mapanga yakaanza kuja kwa meli, kutoka nchi ambako tanuri moja linafuka kuliko mji wetu mzima. Moshi huo hatukuuona, basi wakubwa wakasema haupo. Assoumani akapata kibarua bandarini, kushusha makasha ya mapanga hayo. Siku moja kasha lilipasuka. Akaokota panga, akaligonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Vipi?" nilimuuliza.

"Chuma laini."

Akalirudisha ndani. Mnyapara alikuwa anaita.