Nilikula senene nikiwa mjamzito, mume wangu akataka kunitapisha kwa nguvu

Admin, nifichie jina langu tafadhali, maana wifi zangu wote wanafuata ukurasa huu na najua wataisoma hii kabla hata hawajapiga mswaki. Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa Muleba, nina binti wa miaka mitano ambaye hapa nitamuita Koku, na sasa nina mimba ya miezi sita. Mume wangu ni fundi seremala. Tunaishi kwenye kibanja cha kwao, yaani shamba la migomba la ukoo, nyumba yetu na ya mama mkwe zinatazamana.

Kliniki waliniambia damu yangu iko chini sana. Nesi akaniuliza nakula nini, nikamwambia asubuhi chai, mchana ndizi na maharage, usiku ndizi tena na chai pembeni. Akauliza, samaki je? Nikacheka. Pale kwetu nikipika samaki, minofu inakwenda kwa mume na mama yake, mimi na Koku tunabaki na mchuzi. Mayai ni ya kuuza au ya mgeni. Nesi hakucheka hata kidogo. Akasema, "Dada, tumbo lako linashiba lakini mwili una njaa. Kula dagaa, mayai, maini ukipata, mboga za majani kila siku. Chai usinywe na chakula, iache mpaka baadaye. Maparachichi si yanaoza tu huko kwenu? Na msimu huu wa senene, kula senene." Akanipa na vidonge, nikawa navimeza bila kukosa.

Kwa msiojua, senene ni wale panzi wa msimu, na kwa Wahaya zamani hawakuwa chakula cha mwanamke. Mwanamke anakamata, anachambua mabawa na miguu, anakaanga, anampelekea mume, naye mume anamshukuru kwa nguo mpya. Siku hizi wanawake wengi wanakula na hakuna anayeshtuka, lakini mama mkwe wangu hizo siku hizi hazijamfikia. Kwake yeye mjamzito akila senene atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene. Mwaka jana nilipewa kitenge kizuri, nilishukuru. Lakini jamani, kitenge kinaongeza damu?

Basi senene walipoanguka nilikesha nje na wenzangu, asubuhi nikachambua ndoo nzima mpaka vidole vikaniuma. Wakati wa kukaanga nikala kiganja kimoja, Koku nikampa kidogo. Walikuwa watamu, sitawadanganya. Mtoto akatoka mbio kumwambia bibi yake, "Bibi, senene watamu! Mama naye kala!"

Mama mkwe akapiga yowe, "Mwanangu, njoo uone mkeo anamuua mjukuu wangu tumboni!" Mume akaja kutoka kwenye banda lake la useremala akiwa bado ameshika kipande cha mbao. Akaniuliza, "Umekula?" Nikamjibu, "Nimekula. Nesi kaniambia nile." Akasema, "Nesi ndiye kakuoa?" Na kabla sijafungua mdomo ile mbao ikatua mgongoni. Ya pili begani. Ya tatu ilikuwa inakuja tumboni, nikaikinga na mkono, nikasikia mfupa unalia. Koku anapiga kelele mlangoni, bibi yake amesimama pale pale anasema, "Mtapishe! Mtapishe watoke!"

Akanikaba, akaniingiza vidole mpaka kooni. Nikaving'ata. Niling'ata kwa hasira ya miaka yote ya mchuzi mtupu, mpaka nikaonja damu yake. Alipojivuta nikachukua kikaango jikoni na mkono uliokuwa mzima, cha moto vile vile, nikamtandika nacho usoni. Akaanguka kwenye majivu. Nikambeba Koku, nikakata katikati ya migomba bila viatu mpaka kwa jirani, na jirani akanitafutia usafiri hadi Bukoba kwa dada yangu anayeishi Buhembe.

Hospitali wamenifunga mkono plasta. Nilitokwa damu kidogo, lakini mtoto yuko hai, namsikia anacheza. Daktari kasema sina damu ya kupoteza tena, hata tone.

Sasa wazee wa ukoo wa mume wamekuja. Masharti yao ni nirudi, nimwangukie mama mkwe kwa kumjibu na kumpiga mwanawe, na niape sitagusa tena senene wala mayai mpaka nijifungue. Mume hajaombwa chochote, wanasema kovu la usoni linamtosha. Mzee mmoja akanibembeleza kwa heshima ya Kihaya, "Waitu mwanangu, kubali yaishe." Baba yangu mzazi naye kanipigia simu, "Watu wakiuliza umeachika kwa sababu gani, utawaambia senene?" Kaka yangu ndiye peke yake aliye upande wangu, ila yeye ananoa panga, anasema ataenda Muleba kumvunja miguu. Huo nao ni msaada gani? Nilete mtoto duniani mjomba wake akiwa jela?

Mume mwenyewe ananipigia kila jioni. Analia, halafu akimaliza kulia anauliza kama bado nakula vile vitu. Nami najijua. Akininyanyulia mkono tena sitatafuta kikaango, nitatafuta kisu. Mmoja wetu atazikwa kwenye kile kibanja, na mimi ndiye mwenye damu kidogo.

Juzi dada alimchemshia Koku yai. Mtoto akalishika kwa mikono miwili, akatazama mlango, kisha akaniuliza kwa kunong'ona, "Mama, nile haraka?"

Wazee wanarudi Jumapili baada ya misa kuchukua jibu langu. Ndugu zangu, hasa nyie mliopitia haya, niwajibu nini?