Marahaba ya Dengfeng

Ni mimi niliyemfundisha. Nimekana miaka mingi, lakini ni mimi. Mama Mchina aliyeuza mabegi mtaani Dengfeng, hapa Guangzhou, aliniomba neno la heshima la kuwapokelea wateja wa kwetu, nikampa "marahaba". Nilikuwa nasomea isimu chuo kikuu, na bado nilimfundisha jibu nikasahau shikamoo yenyewe.

Basi wazee wa Unguja wakawa wanaingia dukani na kupokelewa kwa "Marahaba!" kabla hawajafungua mdomo.

"Nimwamkie mie?" alifoka mzee mmoja, aliyenilea kama bintiye huku ugenini. "Huyu mdogo kwa binti yangu!" Akalisusa duka, akaapa kutomsamehe aliyemfundisha. Nami nikamlaani mtu huyo kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mwezi uliopita tulikuwa mgahawani tukiwakumbuka watu wa mtaa wa zamani. Mzee, hasira za duka zimeshamwisha, akampigia yule mama wa mabegi, aliyekwisha kurudi kijijini kwao, akaweka spika.

"Marahaba!" simu ikaitikia.

"Lo! Nani alokufundisha hayo?"

"Mwalimu wangu, yule dada wa miwani, mwenye maneno mengi. Hajambo?"

Meza nzima ikanigeukia. Nikainamia simu, na mbele ya mzee nikasema, "Shikamoo."