Mardhiya Alipomwamkia Msimamizi

Mwalimu Muzammil ameniganda kama kupe. Kila asubuhi akija kununua vitumbua pale lango la shule, kabla hajachukua hata kimoja: "Bibi, ile habari ya Mardhiya umeandika?" Nikamwambia, baba, wewe ndiye mwalimu, kalamu ndiyo jembe lako, andika mwenyewe. Anasema kijitabu cha mahafali kinataka maisha ya mwalimu mmoja aliyeanzia hapa kwetu, na hapana amjuaye Mardhiya kunishinda mimi. Hilo ni kweli. Basi naandika, lakini mjue kalamu nimeijulia ukubwani, na mkono wangu umezoea upawa. Atakayecheka mwandiko na aje akaange vitumbua nimwone.

Mimi ni Ashatu binti Msabaha, wa Kaole. Mardhiya ni mjukuu wangu. Mama yake, kitinda mimba wangu, aliolewa mara ya pili Pangani, mtoto akabaki kwangu akiwa ndiyo kwanza anaanza kung'oka meno.

Kitumbua kinataka nazi, na nazi ikishakunwa kinabaki kifuu. Kwa watu wengine vifuu huenda jikoni moja kwa moja. Kwangu vilikwenda shule kwanza. Mardhiya alivipanga uani safu kwa safu, vidogo mbele, vikubwa nyuma, akasimama na kipande cha mkaa mbele ya ukuta wangu niliokwisha kuupaka chokaa. "Simameni!" Vifuu havisimami, basi anavigeuza mwenyewe kimoja kimoja, mgongo juu, ndiyo kusimama huko. "Shikamoo mwalimu!" anavisemea. "Marahaba, kaeni." Anavigeuza tena vyote. Nikitaka cha kuwashia moto namwambia, "Mwalimu, niazime wanafunzi wawili watatu." Analia machozi kweli. "Bibi, huyo usimchome, huyo ana akili! Chukua yule wa nyuma, mtoro!"

Nikikaa sasa pale uani nikakumbuka sauti ile, nasahau hata kugeuza vitumbua.

Adabu nilimfunza mimi, na sikumfunza nusu. Mtu mzima akiingia, unaacha unachofanya. Unainuka, unaamkia, unampokea mzigo, unampa pa kukaa. Unamletea maji katika bilauri, bilauri juu ya kisahani, kwa mikono miwili. Ndipo unauliza habari za njia na za watu aliowaacha nyumbani. Na mgeni hapewi ukoko: akikuta mmekwisha kula, unateleka upya. Kaole nzima walimsifu mtoto yule. Kuna waliokuja kwangu hawana haja ya kitu, wamefuata kuamkiwa tu.

Zamani ualimu haukuwa na safari ndefu. Mimi nilisomea kwenye kisomo cha watu wazima, barazani kwenye ofisi ya tawi, na mwalimu wetu alikuwa kijana akiitwa Bwanausi, kamaliza darasa la saba juzi, ndevu hana. Hakuna aliyemuuliza cheti. Sisi wake za watu, watoto mgongoni, tulikuwa tukimwinukia sote, "Shikamoo mwalimu!" Alikuwa akiona haya mpaka akawa anawahi kufika kabla yetu, tumkute ameshatupa mgongo anaandika ubaoni. Bwanausi ndiye aliyenishika mkono nikaandika A ya Ashatu. Mungu amrehemu. Nilidhani ualimu ndio huo, ukijua herufi unampa na mwenzio.

Mardhiya alipomaliza kidato cha sita akachaguliwa chuo kikuu, Dar, kusomea ualimu, nikamuuliza, "Ukimaliza huko ndiyo umekuwa mwalimu?"

"Bado, bibi. Kwanza nifaulu mazoezi ya kufundisha. Nisipofaulu hayo, shahada sipati. Nikiipata, lazima nisajiliwe na bodi ya walimu, nipewe leseni. Halafu ndiyo nikafanyiwe usaili wa ajira."

"Leseni! Kama dereva wa lori la Msata?"

"Kama yeye, bibi. Dereva akikosea anaua abiria wake. Mwalimu akikosea anaua darasa zima, na hakuna anayeona damu."

Nikarudi kwenye vitumbua vyangu, leseni ile imenikaa kichwani.

Mwaka wake wa pili akaletwa kufanya mazoezi hayo hapa hapa, shule ninayouzia vitumbua na chai. Wallahi sikupata kuwa na miezi mizuri kama ile. Asubuhi tunatoka pamoja, mimi na beseni langu, yeye na mkoba na karatasi zake za maandalio ya somo. Akapewa kidato cha pili, Kiswahili, mashairi. Mizani aliwafundisha kwa makofi, kila silabi kofi moja, kwa ubeti aliotunga mwenyewe, unaoanza hivi:

*Mgeni njoo karibu, maji yapo mtungini.*

Makofi manane, wanapumua, makofi manane. Nilikuwa nayasikia mpaka langoni. Nikawa nakoroga unga kwa mapigo hayo hayo.

Siku moja asubuhi akapita mtu mzima, kofia ya kiua kichwani, miwani, mkoba wa ngozi. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Huyo ndiye Daktari Mahmoud, si daktari wa sindano, wa vitabu, ametoka chuo kuwatazama wanafunzi wake wanavyofundisha. Sisi tukimwita msimamizi. Haukupita muda akaja mbio binti mmoja wa kidato cha pili, Najma. "Bibi, mwalimu anaomba bilauri na kisahani! Kuna mgeni!" Nikaisuuza bilauri mara mbili, nikaifuta, nikamimina maji. Nikasema moyoni, huyo ndiye mtoto wangu.

Kengele ikalia. Mardhiya akaja langoni, uso umemshuka.

"Nimefeli, bibi."

"Umefelije, na maji nimeyamimina mimi?"

Akanieleza. Daktari aliingia kwa kunyata, akimwonyesha kwa mkono kwamba anakwenda kukaa nyuma. Yeye akaacha somo. Akamwamkia, akaliinua darasa zima likamwamkia, akampokea mkoba, akampa kiti chake mwenyewe pale mbele, akauliza habari za njia na za nyumbani. Akamtuma Najma maji. Na alipoona mgeni hakuusikia mwanzo, akawaambia watoto, "Tuanze upya," akaanza somo tangu salamu. Kengele ikamkuta katikati. Zoezi hakutoa, daftari hakusahihisha hata moja.

"Amesemaje?"

"Amesema, 'Mwanangu, mimi mtu wa Pangani, mapokezi haya nayajua na yamenipendeza. Lakini hapa sikuja mgeni. Nimekuja kulitazama darasa, nawe umeliacha darasa ukanishika mimi. Watoto hawa wote wameondoka mikono mitupu.' Atarudi mara moja tu. Nikikosea tena, mazoezi narudia mwakani, baada ya mitihani ya mwisho. Wenzangu watavaa majoho, mimi niko na chaki."

"Na maji?"

"Maji hakuyagusa, bibi."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira. Maji yangu! Nikafunga khanga kiunoni. "Niambie amepita njia gani. Mtu wa Pangani huyo? Pangani gani inayokataa maji?" Mardhiya akanishika mkono, akaniapisha kwa kaburi la babu yake kwamba sitamfuata wala sitamsemesha neno. Nikaapa. Mpaka leo naona aliniapisha haraka mno.

Ikabidi tufanye mazoezi ya mazoezi. Jioni, uani, akavipanga vifuu. Msichana mzima wa chuo kikuu, kwa mkono ule ule, vidogo mbele, vikubwa nyuma. Mimi ndiye Daktari Mahmoud. Natoka jikoni naingia uani, yeye asinitazame, aendelee.

Mara ya kwanza nilikanyaga kizingiti tu, "Shikamoo, bibi!" Mara ya pili akauma mdomo, lakini mguu ukamtangulia, akanisogezea kigoda. Mara ya tatu akaweza. Nikapita mbele yake, nikakohoa, nikapita tena. Hakunitazama. Anaviambia vifuu, "Haya, makofi manane." Mwenzenu sikustahimili. "We mtoto! Hunioni? Mimi ni mti?"

Jirani yangu Somoe, aliyekuja kuomba moto na kusahau kuondoka, akacheka mpaka akakaa chini. "Shoga, sasa anayefeli hapa nani, wewe au yeye?"

"Cheka tu. Nimemfunza miaka, leo nimfumue?"

"Na ubeti wenyewe umemwita mgeni, karibu, maji yapo. Ulitaka mgeni asije?"

"Ubeti sibadilishi," akasema Mardhiya. Ukaidi huo nami najua ulikotoka.

Somoe akajifuta machozi. "Ashatu, juzi alasiri si nimeingia kwako ukiwa kwenye mswala? Nimepiga hodi, nimetoa salamu, uliitikia?"

"Nilikuwa nasali, wewe."

"Ulinivunjia heshima?"

"Heshima gani, mtu yuko mbele ya Mola wake!"

"Basi nilikaa hapo nikala vitumbua viwili nikakungoja. Ulipotoa salamu ukanigeukia, tukaamkiana, hakuna aliyenuna. Na huyu mtoto mwache amalize kilicho mbele yake, kisha ageuke."

Nikamwambia kwanza kabisa hivyo vitumbua viwili hakuniambia. Lakini Mardhiya alikuwa amesimama, mkaa mkononi. Akasema, "Bibi, ingia tena." Nikaingia. Akaendelea na darasa lake mpaka mwisho, taratibu, nami nimekaa nyuma ya vifuu kama mtoro. Alipomaliza akaja akainama mbele yangu. "Shikamoo, bibi." Ile shikamoo ilikuwa imeiva kuliko zote alizowahi kunipa, labda kwa kuwa niliingoja.

Ikabaki wiki ya mwisho ndipo Daktari Mahmoud akarudi. "Shikamoo, bibi." "Marahaba." Sikuongeza neno, kiapo ni kiapo. Lakini kiapo hakikusema nisitembee. Nikamwachia Somoe beseni, nikaenda nikasimama ubavuni mwa darasa, penye dirisha. Makofi yalikuwa yanaendelea. *Mgeni njoo karibu.* Daktari akaingia kwa mlango wa mbele. Watoto wakataka kuinuka, mazoea, na Najma alikwisha simama. Nikaona mkono wa Mardhiya umeacha ubao, umeanza kwenda kwenye kiti. Mkono ukasimama hewani. Kisha ukashuka, ukawaashiria watoto: kaeni, tuendelee. *Maji yapo mtungini.* Daktari akapita kama upepo, akakaa nyuma.

Basi nikaona kitu ambacho langoni nilikuwa nakisikia tu. Mjukuu wangu akizunguka kati ya madawati, akimwinamia huyu, akimshika yule mkono apige mizani aliyoiruka. Kuna kijana nyuma, wa kunyamaza, akamsimamisha, akamwambia jaribu. Kijana akakosea, wenzake wakacheka. Akawatazama, wakaacha. Kijana akarudia, akapatia, makofi manane na manane, na uso wake wote ukafunguka. Zoezi likatoka, madaftari yakasahihishwa. Nilimwona Bwanausi kabisa kabisa, yule wa barazani, ananishika mkono kwenye A.

Kengele ikalia. Watoto wakatoka. Mardhiya akaweka chaki, akafuta mikono, akaenda mpaka nyuma ya darasa. "Shikamoo, mwalimu. Samahani, nilikuwa darasani. Habari za njia? Hawajambo uliowaacha?"

Daktari Mahmoud akavua miwani. "Marahaba, mwanangu. Hawajambo, wanakusalimu." Akafunga karatasi zake. Kisha akageukia dirisha nilipo, ati muda wote alikuwa ananiona. "Bibi, yale maji ya siku ile bado yapo?"

Niliyaleta mwenyewe. Bilauri, kisahani, mikono miwili. Akanywa yote.

Mardhiya alifaulu. Shahada akaipata, akavaa joho lake, bodi ikamsajili, usaili akaenda mara mbili ndipo akachaguliwa. Leseni yake alinionyesha kwenye simu. Akataka kunisomea, nikamwambia ondoa mdomo wako. Nikaisoma mimi, herufi moja moja, mpaka nikalimaliza jina lake na la baba yake. Nilichukua muda, naye akangoja, hakunisaidia. Nikajua hapo kweli kawa mwalimu.

Sasa yuko Kasulu, mbali ajabu, anakofundisha watoto wa watu makofi manane. Anapiga simu Ijumaa. Nami nakuna nazi zangu, na vifuu vinakwenda jikoni moja kwa moja, hakuna wa kuvililia. Vizuri vizuri naviweka pembeni. Sijui kwa nini naviweka.

Haya, Muzammil, nimemaliza, na kidole kimeota sugu. Sasa nawe unayesoma hapo, usifunge kijitabu ukaondoka hivi hivi kama uliyekula harusini bila kutoa kitu. Nimekutolea, nawe nitolee. Yuko mtu aliyekushika mkono ukaandika herufi ya kwanza ya jina lako. Kama yu hai, nenda kamwamkie wiki hii hii, usipige simu, nenda kwa miguu yako. Ukimkuta anafundisha, kaa nyuma, ungoje kengele.