Namba Ishirini na Saba Imekatwa

Saa sita kamili mchana. Katika chumba kilicho juu ya duka la mbolea mjini Thika, Syombua Nzioka anabonyeza kitufe cha redio na kuanza kuita walinzi, namba baada ya namba. Kila mmoja anataja alipo. Baada ya ishirini na sita anasikiliza mkwaruzo wa hewani, kisha anaita ishirini na nane.

Mama huyu wa miaka thelathini na minne, ambaye kazini wanamwita Mama Becky, ni kontrola, yaani msimamizi wa redio, wa kampuni ya ulinzi yenye walinzi sitini na watatu, kutoka Thika hadi Ruiru. Yeye ndiye anayeamua nani azungumze kwenye chaneli gani. Chaneli ya kwanza ni ya walinzi wa mageti, ya pili ya masupavaiza. Ya tatu ni ya hatari, na haiingiliwi bila idhini yake.

"Mtu akiandikwa kazi nampa namba na chaneli yake. Akiondoka, naikata siku hiyo hiyo," anasema. "Namba iliyokatwa haijibiwi. Wezi wakipata redio yetu, wanatuita wakijifanya ni sisi. Ukiwajibu, umefutwa kazi."

Machi mwaka jana, 1996, alikata namba ishirini na saba. Ilikuwa ya Kaleli, mlinzi wa stoo ya kahawa huko Murera, aliyefariki kwa homa ya matumbo. Syombua alipokea redio yake, akaitoa betri na kuifungia kwenye droo.

Wiki tatu baadaye, kwenye mwito wa mchana, sauti ilijipenyeza.

"Ishirini na saba, Murera. Huku kuko sawa, ova."

"Nilimjua. Kaleli alikuwa anakohoa kidogo kabla ya kusema ova, neno letu la kumaliza," anasimulia. "Nikafungua droo. Redio ilikuwa hapo, baridi kama jiwe."

Hakujibu. Sauti ikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Mkuu wake, Mburu, alikuja kusikiliza.

"Mama Becky, huyo ni mwizi tu," alimwambia. "Nyamaza."

Siku ya tisa sauti ikaingia chaneli ya tatu, ambayo Kaleli hakuwahi kuruhusiwa akiwa hai.

"Wanyoike ameanguka kwa tangi. Maji inapanda, ova."

Wanyoike ndiye aliyeajiriwa mahali pa Kaleli. Syombua alimwita mara tatu, kimya. Kampuni ilikuwa na gari moja tu. Kama ungekuwa mtego wa wezi, mji mzima ungebaki bila msaada.

"Nikabonyeza kitufe. Nikasema, 'Nimekupata, ishirini na saba. Gari linakuja.'"

Walimkuta Wanyoike ndani ya tangi la kuoshea kahawa, mguu umevunjika, maji yamemfika kidevuni. Mbao za juu zilikuwa zimeoza. Redio yake ilikuwa imezama.

"Nililia mpaka sauti ikaisha. Hakukuwa na mtu shambani," anasema Wanyoike, ambaye sasa anatembelea mkongojo. Hajawahi kumwona Kaleli, hata kwa picha.

Syombua alipewa barua ya onyo kwa kujibu namba iliyokatwa. Tangu siku hiyo sauti haijasikika.

Desemba anapanga kwenda Mwala kumwona mjane wa Kaleli. Wamezungumza mara moja tu, kwa simu.

"Aliposikia habari ya sauti, aliniuliza kama mumewe aliwaulizia, yeye na watoto. Nikamwambia ndiyo," anasema Syombua, macho yakiwa dirishani. "Nilimdanganya. Nataka nimwambie ukweli uso kwa uso. Halafu niache hii kazi, nifungue kibanda cha simu za kulipia pale mtaani Githurai 45. Huko anayeongea nitakuwa namwona."