Aliyeigonga Sakafu ya Mama

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka ishirini na saba nimelipwa kuwakataza watoto wa watu kusema uongo. Kwa hiyo haya ninayokueleza yapokee kama yalivyo. Yalinitokea mimi mwenyewe, saa tisa alasiri, chaki bado iko kwenye vidole. Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuigusa. Ukitaka kucheka, cheka kabisa sasa hivi, halafu tuendelee.

Nyumba yetu iko Igoma, upande wa mlimani, katikati ya yale mawe makubwa. Aliijenga baba yangu kwa mikono yake, maana alikuwa fundi mwashi, enzi ambazo Igoma ilikuwa mihogo na vichaka na mtu akienda mjini anaaga majirani. Kwa sababu ya mteremko, vyumba vya kulala viko juu, unavipanda kwa ngazi kumi na moja, na chini yake kuna chumba kimoja kikubwa ambacho ukuta wake wa nyuma ni jiwe lenyewe la mlima. Matajiri wa siku hizi wanachimba ardhi kutafuta chumba cha namna hiyo, wanakiita besimenti. Sisi tulikiita chini, basi. Nani yuko chini? Niletee beseni liko chini. Mlango wake unatokea uani, hauna ngazi hata moja.

Ninachokikumbuka zaidi ni sakafu yake. Baba alipiga niru nyekundu, ile ya saruji laini iliyochanganywa na unga wa rangi, akaisugua kwa mwiko hadi ikawa laini. Kila Jumamosi mama aliipaka nta na kuing'arisha kwa kipande cha blanketi, na joto likizidi mimi na kaka yangu tulilala pale kifudifudi, matumbo wazi, tukisikiliza redio ya jirani. Nimelala kwenye magodoro mazuri baada ya hapo, lakini niamini, usingizi wa sakafu ile sijaupata tena.

Baba mwenyewe nimebaki naye kidogo sana. Alifariki kwa homa ya siku nne, mimi nikiwa na miaka sita, yeye akiwa na thelathini na tatu. Picha yake ilikuwa moja tu, ya kitambulisho, nayo ililiwa na mchwa sandukuni. Sura yake siikumbuki. Nimebaki na harufu ya saruji mbichi, kiganja kigumu, na karanga za kukaanga, ambazo hata sikujua zinahusiana naye vipi.

Sasa, mwaka jana magoti ya mama yalikataa ngazi. Akawa anashinda juu kitandani, anasikia uani watu wanaongea na hawezi kushuka. Kaka yangu, anayeishi Dar, akapiga simu akasema anakuja kumchukua. Mama akalia. Ana miaka sabini na nane, amemzika mumewe akiwa hajafika thelathini na mbili, akatulea kwa kuuza dagaa sokoni Buzuruga, na kitu kimoja alichotuomba maishani ni kubaki kwenye nyumba ile. Nikamwambia kaka tumshushe chumba cha chini, mlango uko usawa wa ardhi, atatoka na kuingia mwenyewe. Kaka akajibu kwamba kifua cha mama hakitaki unyevu, na chumba kile kilikuwa na maji. Alisema ukweli. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu sakafu ya baba ianze kulia maji kila mvua ikinyesha, ikapasuka, ikabanduka vipande. Tukakubaliana hivi: atakuja mwisho wa mwezi. Akikuta sakafu kavu, mama anabaki. Akikuta maji, anaondoka naye.

Nikaingia madukani. Ewe ndugu yangu, kuchagua sakafu si mchezo. Nilikwenda Buzuruga nikaonyeshwa tailizi nyeupe zinazong'aa, mama alipoona picha kwenye simu akasema hizo ni za kumvunjia kiuno. Nikaonyeshwa kapeti la plastiki lenye maua, fundi wangu akasema chini yake litaota ukungu kabla ya mwezi kuisha. Nikaonyeshwa nyingine zilizochorwa mfano wa mbao, mama akauliza kwa nini mtu aweke mbao ya uongo juu ya jiwe la kweli. Yeye alitaka niru nyekundu, kama ile ya baba. Nikamwambia mama, niru ni mambo ya zamani. Nikachagua tailizi za kijivu, zenye uso wa kukwaruza ili asiteleze, nikajiona nina akili.

Fundi wangu, Masanja, kijana mchapakazi, alizipanga vizuri, kapima kwa pimamaji kila mstari. Baada ya siku nne mvua ikanyesha. Asubuhi tailizi kumi na mbili zilikuwa zimebanduka, ukizikanyaga zinacheza, maji yanachuruzika pembeni. Akazirudia kwa gundi nyingine. Zikabanduka tena. Wiki mbili tu zikawa zimebaki kabla kaka hajaja.

Siku hiyo ninayoisema nilitoka shule nikapitiliza chini. Masanja alikuwa amekwenda kutafuta gundi ya aina ya tatu. Mvua ikashuka, umeme ukakatika, chumba kikawa na giza la mchana, mwanga ni ule wa mlangoni peke yake. Nikapiga magoti na tambara na beseni, nikawa nakausha maji huku nalia. Sioni aibu kukwambia. Nilikuwa naona mama anapakiwa kwenye basi.

Nilipoinua kichwa kulikuwa na kijana mlangoni.

Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, mwembamba, suruali kaikunja hadi chini ya magoti, viwiko vina vumbi jeupe la saruji. Viatu alikuwa amevivua, kavishika mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umefumba kitu, kikaratasi cha gazeti kilichosokotwa. Nikajua ametumwa na Masanja. Nje mvua ilikuwa inamwagika, na nisikudanganye, sikuangalia kama amelowa.

Alisimama pale kwenye kizingiti, haingii, haongei. Ananitazama tu, uso umechangamka, kama mtu anayesubiri kitu anachojua atapewa. Na mimi nikasubiri. Nikasubiri nini? Shikamoo, bila shaka. Mimi nina miaka hamsini na tatu, ni mwalimu, mvi zinaonekana. Kijana wa thelathini anaingia kwangu bila shikamoo? Tukatazamana hivyo kwa muda ambao hata leo naona ulikuwa mrefu.

Nikamuuliza, "Kwenu hamsalimii?"

Akajibu taratibu, bila jeuri. "Kwetu anaanza mdogo."

"Basi anza," nikamwambia.

Hakuanza. Ule uchangamfu ukamtoka usoni kidogo kidogo. Nikaona amenidharau, nikainama nikaendelea na tambara langu, na huko nyuma nikamsikia anaingia.

Alichuchumaa, akaanza kugonga tailizi kwa kifundo cha kidole, moja baada ya nyingine, ameinamisha sikio. Aligonga mstari mzima hadi akafika kwenye ukuta wa jiwe, kona ya kushoto. Hapo akaweka kiganja chini, akakiacha.

"Maji hayatoki juu, yanatoka kwenye jiwe," akasema. "Nililiachia njia hapa, inapita chini hadi uani. Mmeiziba."

Ulisikia hapo? Nililiachia. Mimi mwalimu wa Kiswahili, ninayesahihisha daftari sitini kwa siku, sikulisikia neno hilo. Hasira ya shikamoo ilikuwa imenijaa masikioni. Nikamuuliza kwa ukali yeye anajuaje, akaniangalia tena kwa ule utulivu wake, halafu akauliza kama mama yangu hajambo. Nikasema magoti yanamsumbua. Akashtuka kidogo. Akauliza, "Magoti? Yule?" Nikamwambia ndiyo, ni mtu mzima, unategemea nini. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu niliyempa habari ngumu.

Akarudi mlangoni. Pale kizingitini akageuka akasimama tena, vilevile, viatu mkono mmoja na kile kikaratasi mkono mwingine, ameusogeza mbele kidogo. Alinipa nafasi ya pili, ndugu yangu. Ninaapa alinipa. Na mimi nilifanya nini? Nilikunja uso. Akakitazama kile kikaratasi, akakigeuza kiganjani, akakirudisha mfukoni. Akatoka mvuani. Nilipofika mlangoni kumwambia afunge geti, uani hapakuwa na mtu, na geti lilikuwa limefungwa komeo kwa ndani, kama nilivyoliacha mwenyewe.

Nikapanda zile ngazi kumi na moja kwenda kwa mama, nikiwa bado nanung'unika. Nikamweleza habari za vijana wa siku hizi wasio na adabu. Mama alikuwa anachambua mchele kitandani. Nilipofika kwenye maneno ya njia ya maji, mikono yake ikasimama.

Akaniuliza, "Alikuwa kavua viatu?"

Nikasema ndiyo, kavishika kushoto.

"Na kulia?"

Nikasema kikaratasi cha gazeti, kimesokotwa.

Akaweka ungo pembeni. Akanieleza kitu ambacho hakuwahi kunieleza, kwa sababu alidhani ninakikumbuka. Baba akirudi kutoka kazini haingii ndani mpaka asalimiwe na watoto. Anavua viatu kwa ajili ya sakafu yake, anasimama kwenye kizingiti cha chini, ananyamaza. Mimi na kaka tunakimbia, tunapiga magoti, shikamoo baba. Ndipo anaitikia, na ndipo anafungua mkono. Karanga. Kila siku alipita kwa mama mmoja wa karanga kabla ya kufika nyumbani, na zangu zilikuwa kwenye karatasi ya peke yake kwa sababu nilikuwa napenda zilizoungua.

"Mwanangu," mama akasema, "ulimsalimia?"

Nikaokota punje ya mchele shukani. Akaelewa. Hakunigombeza, na ningeshukuru kama angenigombeza. Aliuliza tu kama amekonda. Nikasema ni mwembamba. Akasema ndivyo alivyokuwa, akavuta kanga akajifunika uso.

Masanja aliporudi na gundi yake nilimwambia aiweke chini, achukue nyundo. Akavunja kona ile ya kushoto. Futi moja na nusu kwenda chini alikuta mfereji mwembamba, umepangwa mawe pande mbili na kujazwa kokoto, unapita chini ya chumba kizima hadi nje. Mdomo wake uani ulikuwa umefunikwa na zege. Zege hilo nililimwaga mimi, miaka miwili kabla ya hapo, nilipochoka na tope la uani. Niliziba njia ya maji ya baba yangu nikalaumu sakafu yake.

Tulivunja zege, tukazibua, maji ya miaka miwili yakatoka yakiwa meusi. Tailizi zote tukaziondoa. Masanja hakuwahi kupiga niru nyekundu maishani mwake, kwa hiyo mama alibebwa kwenye kiti hadi pale chini akamwelekeza: unga wa rangi kiasi gani, mwiko ushikwe vipi, lini umwagie maji na lini uache. Kaka alipofika alivua viatu bila kuambiwa. Alitembea chumba kizima, akagusa jiwe, akalala kifudifudi katikati ya sakafu na suti yake ya safari. Habari ya kumchukua mama hakuizungumzia tena.

Mama yuko pale mpaka leo. Kiti chake kinatazama mlango, na mvua ikinyesha mchana hataki mlango ufungwe, hata upepo uwe mkali vipi. Siku hizo anavaa vizuri. Sijamuuliza sababu.

Na mimi nimekuwa kichekesho cha Igoma. Nawasalimia vijana wote. Fundi bomba, waendesha bodaboda, muuza vocha ambaye nilimfundisha darasa la tatu. Shikamoo. Wanaona haya, wanacheka, wanasema mwalimu unatutania, shikamoo wewe. Wacha wacheke. Nawe unayenisikiliza, umri wako usikudanganye. Siku ukiona mtu kasimama mlangoni kwako, viatu mkononi, anasubiri, usianze kuhesabu nani kazaliwa lini. Piga goti. Ukikosea, utakuwa umempa heshima mtu baki, na hiyo haijamuua mtu.

Mvua zikianza nashuka chini, napiga magoti kwenye ile sakafu nyekundu, naelekea kizingitini. "Shikamoo, baba." Halafu natulia nasikiliza. Maji nayasikia, yanapita chini yangu kwenye mfereji wake. Marahaba bado sijaisikia.