Shubiri Moja Nyuma

Nikisikia mchanga ukisaga kioo, hasira hunipanda hadi leo. Nimelala katika miji mingi na kufanya kazi nisizozikumbuka zote, lakini sauti hiyo hunirudisha Ujiji, kwenye chumba cha picha cha shangazi, miaka ile wakimbizi walipokuwa wakishuka kwenye maboti na mabegi yaliyolowa.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Picha za shangazi zilikuwa zikitoka na ukungu usoni, huku pazia la maua nyuma ya mtu likiwa safi kabisa. "Wanatikisika," alisema. "Wakimbizi hawa hawatulii." Nilimchukia kwa maneno hayo. Mtu aliyekaa kwenye boti siku nzima bila pa kunyooshea mguu, ashindwe kutulia kwenye stuli?

Basi nikaokota kipande cha kioo cha dirisha, nikakisugua kwa maji na mchanga wa ziwani mpaka kikawa cheupe kama maziwa. Siku kamera ilipokuwa haina filamu, niliifungua mgongo nikakibandika pale filamu inapokaa, ili nione kile ambacho filamu ingekiona. Mezani nilipanga dagaa kwa mshazari, mmoja nyuma ya mwingine, nikamlenga yule asiye na kichwa. Kwenye kidirisha cha kulengea alikuwa safi. Kwenye kioo changu alikuwa moshi mtupu. Aliyeonekana vizuri, hadi jicho lake, alikuwa dagaa wa shubiri moja nyuma yake.

Nikamwita shangazi. Alitazama, akatazama tena. Kisha kibao kikanipata sikioni.

"Shule umeikimbia, leo umekuwa fundi? Nani kakutuma kufungua kamera yangu?"

Kesho yake asubuhi akaja mama mmoja kutoka Burundi. Mwanawe mdogo alikuwa amepotelea ng'ambo, na mwenye boti mmoja wa mwalo wa Kibirizi alikubali kuibeba picha ya mama huyo, ili mtoto akipatikana aoneshwe, amtambue mama yake. Shangazi akalenga. Mimi nilisimama mlangoni nimenuna, sikio bado la moto. Nikasema moyoni: mwache apige, tutaona nani mwongo.

Alasiri picha ikatoka. Nyuzi za pazia ungeweza kuzihesabu. Yule mama aliishika kwa ncha za vidole, akanigeukia mimi.

"Mwanangu, huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama," shangazi akadakia. "Ikikauka itatulia."

Boti lilikuwa linasubiri. Akaondoka mbio.

"Si nilikwambia!" nilimpigia kelele shangazi. Nilisema kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo inayonichoma.

Miaka mingi baadaye, katika mji mwingine, nilimwona mpiga picha mwenye kamera yenye ubovu ule ule. Hakuitengeneza wala hakugombana na mtu. Alilenga, kisha akamwambia mteja, "Sogea nyuma kidogo," akapiga. Uso ukatoka safi.

Maneno matatu tu. Nilikuwa nayo mdomoni siku ile pale mlangoni, nikayameza ili nimshinde shangazi. Sijui kama mtoto yule aliwahi kuoneshwa ile picha. Kama alioneshwa, aliona pazia.